Benchi la mtumbwi mlangoni: acheni kutuuzia unyevu

Siku hizi kila ukifungua simu unakutana na benchi la mbao za mtumbwi mlangoni kwa mtu, juu yake mto wa kitenge, pembeni kikapu cha miamvuli. Linapendeza, sibishi. Ila mafundi wengi wanabandua ubao kwenye mialo ya Igombe au Kayenze, huku Mwanza, Jumatatu, na Ijumaa benchi liko kwa mteja. Mvua za masika zikipita, miguu inacheza na rangi imetoka malengelenge. Lawama? Eti vitu vya kuokoteza havidumu.

Ubao uliolala majini miaka haukauki kwa siku nne, jamani! Upange kivulini penye upepo, kati ya ubao na ubao weka vipande vya inchi 1 ili hewa ipite. Ncha zote zipake rangi ya mafuta, maana ndizo zinazokimbilia kukauka na kupasuka. Juani usiuweke, utapinda. Kisha tafuta mzani, upime ubao uleule kila wiki. Uzito ukigoma kushuka wiki tatu mfululizo, hapo anza kazi. Msiniambie mzani hakuna, na soko la samaki la Mwaloni lipo.

Misumari nayo. Pitisha sumaku ya spika mbovu ubao mzima, pande zote mbili. Ule uliokatikia ndani ndio unaomaliza visu vya mashine ya randa, ndiyo maana wenye mashine wanazikataa mbao zenu, na wana haki. Msumari uliokunjwa unyooshwe kwanza, kisha ugongwe kutokea nyuma. Ukiuvuta kwa hasira unatoka na kipande cha ubao.

Ile rangi ya bluu iliyochakaa ndiyo uzuri wenyewe, nakubali. Lakini rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, halafu fundi anazipiga msasa mkavu uani, watoto wapo hapohapo. Lowanisha, kwangua taratibu, vaa barakoa, okota magamba yote. Ndipo upige vanishi mikono mitatu, hadi upande wa chini ambao hakuna anayeukumbuka.

Na wale wa oili chafu! Sawa, mchwa hawaipendi. Ipakeni nguzo za uzio. Benchi la mlangoni mtu anakalia kufunga kamba za viatu akiwahi kanisani, anainuka na mstari mweusi kwenye suruali. Hongereni sana.

Vipimo visiwaumize kichwa: kimo sentimita 45, upana 35, rafu ya viatu sentimita 20 kutoka sakafuni ili deki lipite. Skrubu ziwe za inchi 2 na nusu zisizoshika kutu, na utoboe kwanza kwa biti ya milimita 3, kwa sababu ubao mgumu uliokauka haubembelezwi, unapasuka tu. Chini ya kila mguu kaza kipande cha tairi kutoka kwa fundi katambuga, kichwa cha skrubu kizame. Bila hicho, maji ya deki yanapanda kwenye mguu kila asubuhi na kuuozesha.

Tairi zima lililozungushiwa kamba likaitwa stuli? Haya, ila litoboe chini, la sivyo mvua ikiingia unafuga mbu mlangoni kwako. Taa ya chupa iliyokatwa, mdomo juu, hapa ziwani ni mtego wa wadudu. Igeuze mdomo chini. Zulia la kusuka kwa nyavu kuukuu za nailoni halina ubaya wowote, linakwangua mchanga na linakauka upesi.

Paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, nasema kwa shingo upande, ni rahisi kuliko mtumbwi. Tazama mhuri: HT ilitibiwa kwa joto, chukua. MB ilifukizwa dawa ya sumu, iache hukohuko.

Mkiagiza benchi, muulizeni fundi ubao ulianza kukaushwa lini. Akianza kusifia vanishi, rudisheni pesa mfukoni.