Hapo Mbao ni Nene, Mwanangu

Video ya mimi na boti niliyonunua imeshawafikia, najua. Tangu asubuhi simu inalia, na kila anayepiga anaanza na kicheko, salamu baadaye. Rafiki yangu ameikata ianzie pale ninapoipanda mashine, kwa hiyo acheni nieleze yaliyotangulia, maana humo naonekana kama mtu asiyejua boti. Boti nazijua. Ndicho kinachouma.

Nilikwenda kuitazama boti nikiwa na daftari lenye kurasa mbili za hesabu. Boti ya faiba, mita 7, mashine ya nguvu farasi 40, ya petroli ya kuchanganya na oili. Nilishakusanya bei za boti 12 zinazofanana nayo, nikatoa wastani, nikajiona mchumi. (Tulieni, najua zile zilikuwa bei za matangazo. Bei ya tangazo ni dua ya muuzaji. Bei ya kweli ni ile aliyoondoka nayo mfukoni, na hiyo hakuna anayeibandika popote.)

Nilifika saa nzima kabla ya ahadi, makusudi, na kabla hata salamu haijaisha kiganja kilikuwa juu ya mashine. Baridi. Muuzaji mjanja huiwasha mapema akaizima, kwa sababu mashine mbovu ikishapata moto huwaka kwa mvuto mmoja wa kamba kama mpya. Hii iliwaka ikiwa baridi, mvuto wa tatu, mguu wake wenye propela ukiwa ndani ya pipa la maji. Maji ya kupoza yakatoka ubavuni kwa nguvu, hayakatikikatiki. Nikaizima, nikachomoa plagi zote mbili, nikafunga geji ya kupimia mgandamizo: silinda ya kwanza na ya pili hazikupishana hata kwa asilimia 10. Nikalegeza skrubu ya chini ya gia, nikasugua tone la oili kati ya vidole. Haikuwa nyeupe kama maziwa, kwa hiyo sili zinazuia maji; haikuwa na chenga za chuma, kwa hiyo gia hazilani. Namba ya mashine nikailinganisha na ya kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu.

Nawauliza, huyo ni mtu asiyejua?

Kwa boti ndogo ya kuvulia, mashine mara nyingi ndiyo nusu ya bei au zaidi. Kwa hiyo moyoni nilishanunua. Bodi nikaanza kuigonga kwa mpini wa bisibisi, kutoka omo kurudi tezi, kila shibri moja. Ko. Ko. Ko. Nikafika ubao wa nyuma, ule unaobeba mashine.

Pu.

Nikasogea kidogo, nikagonga tena. Pu.

Mzee mwenye boti alikuwa amekaa juu ya ndoo anakunja nyuzi za mshipi. Hata hakuinua kichwa. "Hapo mbao ni nene, mwanangu."

Ndugu zangu, nikaandika. Ukurasa wa pili, mstari wa nne: *ubao wa nyuma, mbao nene*. Nikaweka na alama ya vema.

Ndani ya lile ganda la faiba mna plaiwudi. Ikiwa kavu inalia ko. Ikishanyonya maji na kuoza inalia pu, kama kugonga gunia. Hili nimewafundisha wengine. Wewe unayecheka hapo, mwaka jana nilikuzuia kununua boti kwa sababu ya hiyohiyo pu! Tena ubao wenyewe ulikuwa umepakwa rangi ya bluu inayong'aa, huku boti nyingine yote imechujuka. Rangi mpya mahali pamoja kwenye boti kuukuu ni bandeji, uliza jeraha liko wapi. Mimi niliandika: *anaitunza*.

Nikaomba punguzo la asilimia 15, nikapewa 10, nikarudi nyumbani napiga mbinja.

Siku ya pili rafiki yangu akaja kuiona ikiwa imelala mchangani juu ya magogo. Akazunguka mara moja, akasimama nyuma, simu mkononi.

"Kaka, ubao wa nyuma umeupima?"

"Unaniuliza mimi?"

Kipimo chenyewe ni cha mkono mmoja. Unainua mguu wa mashine utokeze nyuma, unaugandamiza taratibu, macho yako kwenye ubao. Ulio mzima hautikisiki. Uliooza utauona unapumua. Kwa mkono mmoja, taratibu. Mimi nina kilo 92, na nilikuwa na mtazamaji. Nikaupanda ule mguu kama punda, uso ukielekea boti, nikasema, "Ona mbao hii," nikarukaruka mara mbili.

Mruko wa kwanza, rangi ya bluu ikafanya ufa kwenye kona, mwembamba kama unywele. Niliuona. Nikajiambia ni rangi tu.

Mruko wa pili, tone la maji ya kahawia likatokeza kwenye boliti ya chini, likateremka polepole, likafuatwa na jingine. Boti ilikuwa nchi kavu tangu jana. Nikawa nawaza maji haya yanatoka wapi, na jibu nalijua, na bado nimekaa. Kisha washa za boliti mbili za juu zikaanza kuzama ndani ya ubao, kimyakimya, kama vifungo kwenye godoro. Ukingo wa juu ukainama kunielekea. Nyuma yake mashine, zaidi ya kilo 70, ikainamisha kichwa ikinijia taratibu kama shangazi anayetaka kukukumbatia msibani.

"Kaka," nikamsikia rafiki yangu, "imesogea."

Kraaa. Nikatua kwa makalio mchangani, miguu imetanuka, na mashine ikajichimbia katikati ya mapaja, shibri moja tu kutoka mahali ambapo mke wangu naye ana hisa. Mpira wa mafuta ukakatika, ukanimwagia petroli kifuani. Mkononi nilikuwa nimeshika kipande cha ile mbao nene. Nikakikamua. Kikatoa maji kama dodoki.

Yaliyobaki ni mafupi. Fundi alikata ganda la ndani, akakomba uozo kwa koleo, akapachika tabaka mbili za plaiwudi mpya kwa resini. Akanionyesha matundu mawili ya zamani yaliyozibwa kwa puti chini ya ile bluu: mashine ilihamishwa, boliti hazikutiwa gundi ya kuzuia maji, maji yakapenya hapo miaka na miaka. Mashine yenyewe iliwaka, mvuto wa tatu, hilo andikeni. Gharama ilikuwa robo ya bei niliyolipa. Yaani nilipunguziwa 10 nikaongeza 25, na hesabu hiyo ingeingia daftarini kabla sijafungua pochi kama ningeiamini pu.

Nilimpigia mzee. Sikupiga kelele, nilimuuliza tu kwa heshima kwa nini aliniambia vile.

"Nilikwambia ni nene, mwanangu," akasema. "Kama ni kavu hukuniuliza."