Kiti na Gia za Pikipiki Ndogo: Tatizo Si Ulaini, Wala Si Nguvu

Pikipiki ndogo zilizoundwa kwa ajili ya lami na njia za porini kwa pamoja, zile za silinda moja zenye injini ya ujazo wa kati ya cc 200 na 300, hulaumiwa kwa mambo mawili kuliko mengine yote: kiti kinachoumiza na injini inayolia mno mwendo unapoongezeka. Mwenye pikipiki akishachoka, ama huongeza sponji laini kwenye kiti, ama huanza kutafuta pikipiki kubwa zaidi. Kwa maoni yangu njia zote mbili zinakosa shabaha. Kiti huumiza kwa sababu ya umbo lake kabla ya ugumu wake, na injini hulia kwa sababu ya hesabu ya meno ya sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo, kabla ya udogo wake. Tena mambo haya mawili yameshikana kiasi kwamba anayerekebisha moja bila kulitazama jingine hufanya kazi nusu.

Wabunifu hawakukifanya kiti kuwa chembamba kwa kukosa huruma. Porini pikipiki huendeshwa kwa kusimama juu ya vikanyagio huku magoti yakibana tangi, na kwenye kona dereva husogea mbele hadi karibu kulikalia tangi lenyewe. Kiti kipana kingemzuia kufanya hayo yote. Isitoshe, pikipiki hizi zimeinuka. Kiti cha Honda CRF250L, kwa mfano, kiko takriban milimita 875 kutoka ardhini, na ule wembamba wa sehemu ya mbele ndio unaomwezesha mtu wa kimo cha kawaida kufikisha miguu chini anaposimama. Kwa hiyo yeyote anayetaka kukibadilisha kiti hiki anapaswa kwanza kukubali kwamba nusu ya mbele imewekwa vile kwa sababu nzuri, na kwamba uwanja wake wa kazi ni nusu ya nyuma.

Mtu aliyeketi vizuri hubebwa na mifupa miwili ya chini ya nyonga, ambayo kwa watu wengi imeachana kwa sentimita 10 hadi 14. Kiti chembamba chenye mgongo wa mviringo hupita katikati ya mifupa hiyo, na uzito ambao ungebebwa na mfupa unahamia kwenye kifupa cha mkia na kwenye nyama laini zenye mishipa ya fahamu na ya damu. Ganzi na maumivu yanayofuata si dalili ya sponji ngumu. Ni dalili ya kukalia mahali pasipofaa kukaliwa. Sponji laini huzidisha hali hiyo, kwani hubonyea pole pole hadi dereva anajikuta amekalia plastiki ya chini, na wakati huohuo kingo zake hulegea na kuufanya mgongo wa kiti kuwa wa mviringo zaidi. Ndiyo maana kiti kinachosifiwa kwa kubonyezwa na kidole gumba huwa kizuri kwa dakika chache tu, na ndiyo maana siamini majaribio ya kiti yanayofanyika pikipiki ikiwa imeegeshwa.

Kinachosaidia ni kupanua nusu ya nyuma, kuisawazisha juu, na kuondoa ule mteremko unaomsukuma dereva mbele kuelekea tangini kila anaposhika breki. Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Pini zinazoshikilia gamba la kiti hung'olewa kwa bisibisi bapa, sponji ya zamani hukatwa kingo kwa kisu chenye meno, vipande vya sponji ngumu hugandishwa pande zote mbili kwa gundi ya mpira, kisha umbo zima hulainishwa kwa msasa wa chembe kubwa. Sponji inayofaa kwa mabawa hayo ni ile ambayo vitundu vyake vimejifunga, kwa sababu haibonyei ovyo wala hainyonyi maji. Juu yake panatosha tabaka la sentimita moja la sponji ya kawaida ili ngozi isiparuze. Wanaoongeza tabaka nene la laini hapo juu wanairudisha ile kasoro waliyokuwa wakiikimbia. Kila sentimita inayoongezwa juu pia ni sentimita inayopungua kwenye miguu chini, kwa hiyo mtu mfupi afadhali achonge kuliko kujaza.

Kiti kisifungwe gamba jipya kabla ya kujaribiwa barabarani, hata kama kitafunikwa kwa kitambaa kilichofungwa kamba tu. Makosa ya umbo hujitokeza baada ya saa nzima ya kukaa, na ni rahisi kuyarekebisha sponji ikiwa wazi. Gamba likishafika wakati wake, liwe la kitambaa kinachovutika kidogo, na mishono isipite pale mifupa inapokaa. Gamba lisilovutika likikazwa kama ngoma linageuka kuwa ndilo linalombeba dereva, na sponji yote iliyopangwa kwa uangalifu chini yake inakuwa haina kazi.

Wapo wasiotaka kukata chochote, nao wana haki yao. Ngozi ya kondoo yenye manyoya mafupi hupitisha hewa na kupunguza joto, na mto wa hewa ukijazwa kidogo tu husambaza uzito kwa namna ambayo inashangaza kwa kitu chepesi vile, ingawa porini huteleza na kumnyima dereva hisia ya pikipiki. Vikanyagio vilivyoshushwa kidogo hufungua pembe ya goti na kupunguza mzigo kwenye nyonga. Haya ni ya kuongezea, na sioni kwamba yanachukua nafasi ya umbo sahihi.

Sasa gia, ambako ndiko penye faida kubwa kwa gharama ndogo. Uwiano wa mwisho hupatikana kwa kugawanya meno ya sproketi ya nyuma kwa ya mbele. CRF250L hutoka kiwandani na meno 14 mbele na 40 nyuma, yaani 2.86, Yamaha WR250R ina 13 na 43, yaani 3.31, Yamaha TW200 ina 14 na 50, yaani 3.57. Namba hizi hazina maana zikilinganishwa kati ya pikipiki tofauti, kwa kuwa gia za ndani na kimo cha matairi havifanani, jambo ambalo wengi wanaobishana kuhusu meno hulisahau. Ndani ya pikipiki moja, hata hivyo, zinasema karibu kila kitu. Ukitoa jino moja mbele katika CRF250L, uwiano unapanda hadi 3.08, ongezeko la karibu asilimia 8. Ukitaka matokeo hayo kwa kugusa nyuma peke yake, utahitaji sproketi ya meno 43. Jino moja mbele, basi, lina uzito wa karibu meno matatu nyuma, na kwa kawaida sproketi ya mbele ni ya bei ndogo zaidi na hubadilishwa kwa muda mfupi.

Faida ya kupunguza jino mbele huonekana pale ambapo gia namba moja ilikuwa ndefu mno, yaani ya kasi mno, kwa njia ya mawe: dereva aliyelazimika kuteleza klachi kila mara, hadi inapata joto na kuanza kuchoka, sasa anaweza kuiachia na kuiruhusu injini itambae yenyewe. Gharama yake huonekana kwenye lami. Injini iliyokuwa ikizunguka mara 6,500 kwa dakika sasa itazunguka mara 7,000 kwa mwendo uleule, na hapa ndipo gia na kiti vinapokutana. Silinda moja hutetemeka kwa asili yake, na kila injini ina eneo la mizunguko ambako mtetemo huo hukua na kupenya hadi kwenye kiti, vikanyagio na vishikio. Jino moja linatosha kuuingiza mwendo wako wa kawaida ndani ya eneo hilo au kuutoa nje yake. Nimesikia wengi wakililaumu sponji kwa uchovu ambao chanzo chake kilikuwa chini ya kifuniko cha sproketi.

Wa lami hushawishika kwenda upande wa pili, kuongeza jino mbele ili injini itulie, na kwa mwendo uleule mizunguko ya 6,500 itashuka hadi karibu 6,070. Ni pendekezo zuri lenye mpaka. Injini ndogo haina akiba kubwa ya nguvu, na uwiano ukiwa mrefu, yaani namba yake ikiwa ndogo, kupita uwezo wake, gia ya juu inashindwa kuvuta kwenye mlima au dhidi ya upepo. Dereva anashuka gia moja, mizunguko inarudi ilikokuwa au kupita, na kasi ya juu kabisa inaweza hata kupungua. Kama gia ya mwisho haikuwa ikivuta vizuri tangu mwanzo, kuongeza jino ni kujiongezea tatizo.

Ushauri wangu ni kuanza na jino moja tu mbele, la kuongeza au la kupunguza, na kuendesha kwa muda kabla ya kugusa kiti, kwa sababu huenda nusu ya maumivu ikaondoka pamoja na mtetemo. Mnyororo ukaguliwe ulegevu wake upya kila sproketi inapobadilishwa, kwani gurudumu la nyuma litahitaji kusogezwa, na sproketi kubwa ya nyuma inaweza kudai mnyororo mrefu zaidi. Sproketi ndogo ya mbele hukunja mnyororo kwa ukali zaidi na kuusugua kwenye kipande cha plastiki kinachokinga mkono unaoshikilia gurudumu la nyuma, kwa hiyo nisingependekeza kupunguza zaidi ya jino moja mbele. Anayehitaji zaidi ya hapo aongeze meno nyuma. Kipima mwendo kinachosoma mzunguko kutoka kwenye giaboksi kitaanza kudanganya kwa asilimia ileile ya badiliko, ilhali kile kinachosoma kwenye gurudumu la mbele hakitajali. Na kwa anayegawanya muda wake kati ya lami na porini, sproketi mbili za mbele zilizotofautiana kwa jino moja, zikibadilishwa kulingana na safari, hufaa kuliko kutafuta namba moja ya kuridhisha pande zote mbili, mradi nafasi ya kurekebisha mnyororo inazitosha zote.