Tangawizi naikubali, “kusafisha kizazi” sikubali

Siku zangu za hedhi zikikaribia nachemsha tangawizi kwa ajili ya maumivu ya tumbo, na atakayecheka na acheke. Sina ugomvi na mitishamba. Ugomvi wangu ni kwamba tukiuita mmea dawa, tunausamehe mambo ambayo kidonge hatukisamehe: hatuulizi kipimo, hatuulizi unywewe lini, na usipofanya kazi tunaambiwa tuongeze chupa ya pili.

Tuanze na chanzo cha maumivu yenyewe, maana ndipo wauzaji wengi wa dawa za “kusafisha kizazi” wanapotupotezea njia, wakisema ni uchafu uliokwama. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unapobomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo huufanya msuli wa mfuko ujikaze kwa nguvu, damu inayoufikia msuli ikapungua, na hapo ndipo tumbo linaposokota. Zinapozidi ndipo wengine huharisha au kutapika siku ya kwanza. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na asidi ya mefenamiki hupunguza utengenezaji wa kemikali hizo. Hakuna uchafu uliokwama popote.

Tangawizi ina hoja ya kusikilizwa. Mwaka 2009 watafiti nchini Iran walichapisha matokeo ya wanafunzi 150 waliogawanywa makundi matatu: tangawizi, asidi ya mefenamiki na ibuprofeni. Waliopewa tangawizi walimeza unga wake miligramu 250 mara nne kwa siku, kwa siku 3 tangu hedhi ilipoanza, na nafuu yao haikutofautiana na ya wenzao. Inatia moyo, ila hakukuwa na kundi lililopewa kidonge kitupu kisicho na dawa, na sote tunajua maumivu yanavyoweza kutulia kwa sababu tu mtu ameamini ametibiwa. Tafiti nyingine zimefuata. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walipozipitia tafiti za mimea na virutubisho kwa maumivu ya hedhi mwaka 2016, walisema ushahidi ni dhaifu. Dhaifu si sawa na sifuri. Kwangu inatosha kujaribu, haitoshi kumwahidi mtu uponyaji.

Tazama tena kile kipimo: gramu 1 ya unga kwa siku, kama nusu kijiko cha chai. Vipande viwili vinavyoelea kwenye kikombe kikubwa huenda visifike hapo. Na wakati una uzito wake. Ukingoja hadi umejikunja kitandani, kemikali zimeshamwagika. Anza dalili za kwanza zinapobisha hodi. Kwa vidonge ni vivyo hivyo.

Mdalasini na shamari navyo vimejaribiwa, kwa majibu ya kutia matumaini kidogo, sivikatai. Nashuku hata hivyo kwamba sehemu ya sifa za chai zetu ni ya joto na ya kule kupumzika. Utafiti mmoja wa mwaka 2001 ulikuta mkanda wa joto la nyuzi 39 tumboni ukituliza karibu sawa na ibuprofeni. Chupa ya maji ya moto haina wa kuipigia debe.

Sasa hawa wa “kusafisha kizazi”. Mfuko wa uzazi hujisafisha wenyewe, na hedhi ndiyo kazi hiyo. Vifurushi vya majani vya kuingizwa ukeni vinaweza kuunguza ngozi laini ya ndani na kuwavuruga bakteria wanaoulinda uke, ukabaki na maambukizi juu ya maumivu uliyokuwa nayo. Utomvu mchungu wa mshubiri humfanya mtu aharishe. Ukiunywa, unaliongezea msokoto tumbo ambalo tayari linasokota. Hata tangawizi yangu si ya kila mtu: anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza.

Kinachoniudhi zaidi ni muda unaopotea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa endometriosisi inawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, kama milioni 190. Katika ugonjwa huo, tishu zinazofanana na zile za ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake, na hakuna chai itakayoziondoa. Wengi hukaa miaka kabla ya kupata jibu, wakiambiwa ni tumbo la kawaida, avumilie, akizaa litaisha. Mara nyingi maumivu ya kawaida hupoa ndani ya siku 2 au 3. Yanayokukosesha shule au kazi kila mwezi, yanayozidi mwaka hadi mwaka, yanayokuja wakati wa tendo la ndoa au haja kubwa, au damu inayolowesha pedi kila saa, hayo ni ya daktari.

Ukienda, beba tarehe ulizoandika na utaje kila mmea unaokunywa, hata kama unajua daktari atakunja uso. Akikwambia “ni kawaida tu” bila kukuuliza swali hata moja, tafuta mwingine.