Eti faiba haijafika huko kwenu
Jamani hivi sisi wenye biashara pembezoni mwa Dar tumewakosea nini? Nyaya za intaneti za baharini zinatua hapa hapa Dar, SEACOM tangu 2009, EASSy 2010, halafu mimi wa steshenari Chanika nikiomba faiba, yaani intaneti ya waya mpaka dukani, naambiwa "haijafika huko kwenu". Itafika lini? "Tutakujulisha."

Basi unauziwa rauta ya 4G, eti kifurushi cha biashara, bei imechangamka, kumbe mnara wa simu ni ule ule mnaogombania na mtaa mzima, ikifika saa moja jioni kila mtu yuko kwenye video na wewe una mteja kasimama kaunta, maombi ya kazi yanafungwa leo leo, cheti cha PDF cha MB 2 tu kinapanda, asilimia 40, 60, 97... kinagoma. Anza upya! Na mteja anakukodolea macho wewe, sio mwenye mnara.

Piga huduma kwa wateja, "zima kisha washa". Nizime mpaka lini?? Hiyo rauta imeshakaa dirishani, juu ya kabati, mpaka kwenye bati, bado kuipandisha mwembeni tu.

Halafu matangazo yao yote spidi ya kushusha, ya kupandisha mbona hawaisemi? Sisi ndo kazi yetu kupandisha! Si mtufungie hata antena juu ya paa itazamane na mnara, mtuuzie spidi yetu isiyogawanywa na mtaa, tutalipa! Wa Kivule, Msongola, Mbagala ndani ndani huko, mnapata kweli nyie?