Nani Alipie Mpira wa Pampu?

Karibu kila andiko la mradi wa maji, umwagiliaji au vyoo vya shule lina sentensi moja inayojitokeza kuelekea mwisho: mradi ukikamilika utakabidhiwa kwa jamii, nayo jamii itausimamia na kuutunza. Mfadhili anaipenda kwa sababu inamhakikishia kwamba fedha zake zina kikomo. Kamati ya maji inatia saini kwa sababu bila saini hakuna kisima. Miaka michache baadaye pampu imekufa, na wa kulaumiwa ni kamati: hawajitolei, hawauoni mradi kuwa wao, michango wameila. Zipo kamati zilizoila kweli. Lakini lawama hii imekuwa nyepesi mno kutamkwa, na imewaziba watu macho wasione kilichotokea kwenye pampu yenyewe.

Chukua pampu ya mkono aina ya Afridev, ambayo ilibuniwa makusudi ili wanakijiji waweze kuifungua na kuitengeneza wenyewe. Ndani ya silinda yake, chini kabisa kisimani, kuna mpira mdogo wa duara unaobana maji yapande. Mpira huo unalika. Ndoo iliyokuwa ikijaa kwa kusukuma mpini mara ishirini sasa inataka mara arobaini, kisha sitini, na foleni inarefuka kabla hata mtu hajasema pampu ni mbovu. Bei ya mpira si kitu, kamati inaimudu. Shida ni kwamba duka lenye mpira wa saizi hiyo liko safari ya siku nzima, na fundi aliyepewa mafunzo wakati wa makabidhiano alishahama kutafuta maisha. Kisha siku moja fimbo inayounganisha mpini na silinda inakatika, au bomba linapasuka huko chini, na gharama inaruka mara nyingi ya kilichomo kwenye sanduku. Hapo kamati yenye nidhamu na kamati ya wezi zinafanana: zote mbili hazina maji.

Mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji vijijini, RWSN, ulikusanya takwimu za nchi 20 za Afrika kusini mwa Sahara na kukuta pampu kama 36 katika kila 100 hazifanyi kazi. Makadirio yaliyofuata yameshuka hadi kama moja kati ya nne. Takwimu hiyo imenukuliwa sana, mara nyingi kama ushahidi kwamba jamii hazitunzi. Mimi naisoma kinyume. Kijiji kimoja kikishindwa, ni haki kwenda kuuliza kijijini kulikoni. Vijiji vya nchi 20, vyenye lugha, mila na viongozi tofauti, vikishindwa kwa namna ileile, basi la kuhojiwa ni mpango waliopewa wote. Na mpango huo hatumpi mtu mwingine yeyote. Mkazi wa mjini bomba likipasuka barabarani hapewi koleo wala haambiwi aitishe kikao cha mtaa. Mamlaka ya maji ina mafundi wa mshahara, ina stoo ya vipuri, na mabwawa na mabomba makubwa yamejengwa kwa fedha za umma. Maskini wa kijijini ndiye anayetakiwa awe mhandisi, mhasibu na mkusanya madeni, bila malipo, baada ya shamba.

Kuna jambo lingine ndani ya takwimu hiyo ambalo linanisumbua zaidi. Mwaka huohuo wa 2009, mtafiti wa afya Paul Hunter na wenzake walichapisha hesabu kuhusu maji yanayokatika. Walionyesha kwamba siku chache tu za kurudia maji machafu zinaweza kufuta sehemu kubwa ya faida ya kiafya ambayo familia ingeipata kwa mwaka mzima wa kunywa maji safi. Ukiitafakari, hesabu hiyo inabadilisha maana ya neno "mradi". Kisima kinachotoa maji miezi kumi na moja na kulala mmoja hakijatimiza sehemu kumi na moja za kumi na mbili za kazi yake. Mtoto mdogo aliyenyweshwa maji ya mtoni katika wiki ile ya kungoja fundi anaweza kuugua kana kwamba kisima hakikuwahi kuchimbwa. Ripoti ya mfadhili lakini itaendelea kusomeka "kaya zilizofikiwa", kwa sababu zilihesabiwa siku ya uzinduzi.

Wanaopinga wafadhili au serikali kugharamia matunzo wana hoja nzito, na yenye nguvu kuliko zote inatoka kwenye mifereji ya umwagiliaji. Nchini Nepal, Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alilinganisha na wenzake zaidi ya mifumo 100 ya umwagiliaji. Mifumo ya wakulima wenyewe, yenye mabanio (vizuizi vinavyoelekeza maji ya mto mferejini) ya mawe, matawi na udongo yaliyosombwa na mafuriko mara kwa mara, kwa kawaida ilifikisha maji kwa wakulima wa mkiani, mwisho wa mfereji, vizuri kuliko mifumo ya zege iliyosimamiwa na serikali. Sababu yake inafaa kusomwa polepole. Banio la udongo likibomoka, wakulima wa juu hawawezi kulijenga peke yao, wanahitaji mikono ya wale wa chini. Kwa hiyo wanakubali mgao wa zamu. Banio la zege halibomoki, mikono ya wa chini haihitajiki tena, na wa juu wanachukua maji watakavyo. Fedha zilikuja kusaidia, zikavunja mapatano yaliyokuwa yakigawa maji.

Tanzania nayo ina somo lake. Mwaka 1971 ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400, serikali ikibeba mzigo. Uchumi ulipoyumba, mafuta na vipuri vikakosekana na miradi mingi ikasimama. Sera ya maji ya mwaka 2002 ikaelekeza watumiaji wa vijijini wachangie ujenzi na wabebe gharama za uendeshaji. Anayesema kwamba huduma inayotegemea mfuko wa mbali hufa mfuko ukikauka, hasemi jambo la kubuni.

Nazikubali hoja hizi mbili, na bado naona zinatumika kupita mpaka wake. Kosa ni kuweka mfereji, kisima na choo cha shule kwenye kapu moja kwa sababu vyote vinaitwa miradi ya jamii. Maji ya mfereji yanazaa mazao, na mazao yanauzwa. Mkulima ana kipato kinachotokana na maji hayohayo, hivyo kumtaka achangie usafishaji wa tope na ukarabati wa banio ni haki, na mfadhili mwenye busara atauliza kwanza kuna mapatano gani ya zamu kabla hajamwaga zege. Somo la Nepal linakaa hapa. Kisima cha kunywa kiko katikati: familia inaweza kulipia mpira, haiwezi kulipia fimbo na mabomba.

Choo cha shule hakiuzi chochote. Watumiaji wake ni watoto, hawana mfuko. Wazazi wanabadilika kila mwaka. Mwalimu mkuu ana bajeti ya chaki na mitihani. Shimo linajaa kimyakimya, na siku likijaa hakuna mgogoro wowote unaozuka. Mlango unafungwa kwa kufuli na watoto wanahamia kwenye matundu yaliyobaki, hadi nayo yajae. WHO na UNICEF wanapohesabu huduma ya msingi ya choo shuleni hawahesabu jengo. Wanataka choo cha aina bora, kilichotengwa kwa wasichana na wavulana, na kinachotumika siku wanayokagua. Kwa kipimo hicho, mwaka 2021 watoto kama milioni 539 duniani walisoma kwenye shule zisizo na huduma hiyo. Baadhi yao shule zao zina vyoo vinavyoonekana kwenye picha. Msichana anayejizuia kunywa maji asubuhi ili asihitaji kwenda nyuma ya darasa hafaidiki na ukuta uliopakwa rangi. Anahitaji shimo lililozolewa, maji ya kunawia, sabuni iliyopo leo na itakayokuwepo wiki ijayo, na mlango unaofungwa kwa ndani. Hayo yote ni gharama za kila mwezi, zile ambazo fomu nyingi za ufadhili zinazikataa waziwazi.

Kwamba inawezekana kufanya vingine, Kitui nchini Kenya kumeonyesha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kwenye mipini ya pampu vifaa vinavyotuma taarifa kwa mtandao wa simu, na kikosi cha mafundi kikaitikia pampu inaponyamaza. Muda wa wastani wa matengenezo ukashuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku tatu. Kilichofuata kinawagusa hasa wanaohofia utegemezi: watu walipoona pampu inatengenezwa kweli, utayari wao wa kulipa uliongezeka. Huduma ya kudumu ya mafundi iliyozaliwa hapo inachanganya malipo ya watumiaji na mfuko wa dhamana unaoziba pengo, kwa sababu pengo lipo na michango ya kijiji peke yake hailizibi.

Ningependa fedha za miradi hii zigawiwe hivyo. Sehemu ijenge. Sehemu ibaki kwenye mfuko wa wilaya au wa eneo zima, ikilipa mafundi kwa siku ambazo maji yametoka na vyoo vimetumika, kwa miaka kumi angalau. Kijiji kilipe mpira, mfuko ulipe fimbo, na shule isidaiwe kuzolewa shimo.

Hesabu ya mpango huu ina uchungu wake na sitaki kuuficha. Bajeti ni ileile. Fedha zilizotosha kuchimba visima kumi zitachimba saba au nane, na vijiji viwili au vitatu vitaambiwa visubiri. Watu wa vijiji hivyo watateka mtoni kwa miaka mingine, wakijua kwamba kwa utaratibu wa zamani wangekuwa wamepata kisima. Kwa utaratibu wa zamani pia, katika kumi vile, viwili au vitatu vingekuwa vimekufa, na wenyeji wao wangekuwa mtoni palepale, wakilaumiwa.