Deiwaka wa Coventry

Ile picha ya Pasaka ya 2025 niliyoweka mtandaoni, niliyopiga nje ya ukumbi mmoja London nimevaa koti refu na miwani ya jua saa nne usiku, ndiyo iliyoleta maneno. Wengi mliandika "umetusua mwanangu". Mmoja aliniomba namba ya bosi wangu. Nikanyamaza. Sasa nimetoka likizo nyumbani, nimetulia, naweza kusema.

Tiketi ya onyesho lile niliikata Februari, paundi 35. Februari nilikuwa tajiri. Mwezi huohuo nilikata na ya ndege ya kwenda Dar mwezi wa nane, ile ya bei ya chini ambayo ukiahirisha safari pesa imekwenda. Kufika Pasaka kazi sina. Kutoka Coventry ninakokaa, London nilikwenda kwa sababu nilishalipa, na kwa sababu chumbani nilikuwa nimeanza kuzungumza na friji.

Tangazo lilisema mlango saa tatu usiku. Msanii, kijana wetu wa Bongo ambaye simtaji maana kosa huenda si lake, alipanda jukwaani saa saba na nusu. Mpaka hapo madijei walishapokezana, Wakenya wamecheza zao, Wakongo zao, sisi tumesimama tunalinda nafasi. Akaimba dakika arobaini juu ya pleibeki, yaani wimbo uliorekodiwa, maikrofoni akituelekezea sisi muda mrefu kuliko yeye mwenyewe, kwa hiyo ukipiga hesabu vizuri walioimba ni wateja. Na nililia, sikatai. Umekaa wiki nzima huzungumzi Kiswahili ila kwa simu, halafu ghafla ukumbi mzima unakiimba kwa sauti moja, utajizuiaje? Tulipotoka treni ya mwisho ilishaondoka zamani. Nikakesha kwenye mgahawa usiofungwa pamoja na akina dada watatu wa Leicester, tunagawana chipsi zilizopoa, mpaka basi la alfajiri. Hiyo ndiyo siku mliyoona kwenye picha.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapashia chakula. Nilikuja 2023 kwa viza ya kazi hiyo, wakati Uingereza ilikuwa bado inatuita. Kampuni iliyonileta iliniandikia mkataba wa saa 39 kwa wiki. Wiki nyingi nilipata 20. Na saa zenyewe zilihesabiwa mlangoni kwa mzee tu. Dakika thelathini kwa huyu, kumi na tano kwa yule, barabarani katikati hapalipwi. Nilikuwa natoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa nne usiku, karatasi ya mshahara inaonyesha siku ile nimefanya kazi saa saba. Gari walinipa wao, wakalikata kwenye mshahara kila wiki, nipate zamu nisipate.

Nilipomweleza kaka yangu anayeendesha bajaji Tandika, hakushangaa hata kidogo. "Hiyo si hesabu ya tajiri?" akauliza. "Wewe ni deiwaka."

Kwa ambaye hajapanda daladala siku nyingi: deiwaka ni dereva wa kushikia. Gari si lake na ajira si yake. Dereva wa kudumu akiumwa au akichoka, yeye anaitwa. Jioni anapeleka hesabu, yaani fedha ya siku, kwa tajiri mwenye gari, kinachobaki ndicho chake, na kesho hajui kama ataitwa tena. Tofauti yangu naye ni kwamba mimi nina sare, na beji yenye picha.

Machi serikali iliifutia kampuni leseni ya kuajiri wageni. Hatukuambiwa. Zamu zilikauka tu, simu ya ofisi ikawa inaita mpaka inakatika. Wiki moja baada ya Pasaka ikaja barua ya uhamiaji: nina siku 60 za kupata mwajiri mwingine mwenye leseni, la sivyo niondoke. Kwa miaka miwili nimekatwa kodi na bima ya taifa kila mwezi, lakini masharti ya viza yanasema fedha za umma siruhusiwi kugusa. Hakuna msaada wa kodi ya nyumba. Kuna siku 60 tu, na jumapili zimo.

Nitakuwa mwongo nikisema sheria haikunisaidia popote. Aprili hiyohiyo walianza kuwalazimisha waajiri wa kazi hii kututafuta kwanza sisi tuliokwama humu ndani kabla ya kuleta wapya, na kima cha chini kwa viza yetu kikapanda hadi paundi 12.82 kwa saa. Mwezi wa saba wakafunga kabisa mlango wa kuajiri wahudumu kutoka nje, kwa hiyo wale mnaoniulizia "michongo ya care", jibu ndilo hilo, na anayekwambia anayo viza ya kukuuzia anakula hela yako. Mimi nilipata mwajiri siku ya 47. Sijui kama nilikuwa hodari. Nilituma maombi mengi mpaka nikaacha kuyahesabu, na mmoja akajibu.

Kuna bibi niliyekuwa namhudumia kwenye kampuni ile ya kwanza. Mumewe, marehemu, alifanya kazi kiwanda cha magari maisha yake yote. Coventry ulikuwa mji wa magari, Jaguar na Triumph na baadaye Peugeot, ambao kiwanda chao cha Ryton hapo jirani kilifungwa 2006. Bibi anakula pensheni ya mumewe hadi leo. Siku moja aliniuliza mimi pensheni yangu itatoka wapi. Hakuniuliza kwa dharau, alitaka kujua. Nikamwambia chai yake inapoa.

Basi Agosti nikaenda nyumbani na mfuko mwembamba. Niliteremka siku mbili baada ya Taifa Stars kutolewa na Morocco kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, bao moja bila, pale uwanja wa Mkapa, na mji mzima ulikuwa na sura ya mtu aliyeibiwa simu. Ilinifaa. Hakuna aliyeniangalia sana usoni.

Mama hakuniuliza habari za kazi kwa siku tatu. Siku ya nne, tunachambua mchele, akasema, "Baba, umekonda, na zawadi ulizoleta ni sabuni." Nikamweleza yote. Akaendelea kuchambua. Halafu akasema angejua asingenikubalia kutuma zile pesa za bati la jikoni mwezi wa tano. Zile nilikopa kwa Mkenya ninayekaa naye nyumba moja. Sisi tulioko nje tunapenda kulalamika kwamba ndugu wanatukamua. Wapo wanaokamua, nawajua kwa majina. Lakini mimi sikuombwa lile bati. Nilijitolea mwenyewe, kwa sababu nilishaweka picha.

Jumamosi rafiki yangu niliyesoma naye Temeke, mpiga gitaa la solo, akanialika kwenye dansi. Bendi yao si kubwa, wanapiga muziki wa zamani katika baa yenye uwanja wa mchanga nyuma. Kiingilio shilingi 10,000, ambayo ni paundi tatu. Walianza saa tatu na nusu na kumaliza saa nane usiku, na kupumzika mara moja tu. Gitaa tatu, besi, tumba, tarumbeta mbili, zote za kupigwa na watu wenye jasho. Wazee wanacheza polepole wameshikana. Kina mama wanakwenda mbele kumtunza mwimbaji, noti wanamwekea kwenye paji la uso. Desemba 2024 niliingia kanisa kuu la Coventry kusikiliza kwaya, bure, chini ya lile jengo jipya lililosimama ubavuni mwa magofu ya lile la zamani lililopigwa mabomu 1940. Waliimba vizuri ajabu, lakini niliogopa hata kupiga chafya. Pale Temeke ukipiga chafya mpiga tumba anakujibu.

Sasa balaa. Saa sita usiku rafiki yangu akamnong'oneza mwimbaji, mwimbaji akashika maikrofoni: "Pedeshee wa Uingereza yupo ndani ya nyumba!" Pedeshee ni tajiri anayetunza bendi. Taa ikanimulika. Mnajua sheria za dansi, ukitajwa unainuka, na ukiinuka hupandi mikono mitupu. Mfukoni nina 15,000 na nauli ya bajaji imo humo. Nikainuka nacheza taratibu kama mtu mwenye mengi, nikamwekea mwimbaji elfu kumi, nikarudi kukaa. Akanitaja mara tatu zaidi. Niliinama kufunga kamba za viatu. Nilivaa ndala.

Baada ya muziki tulikaa na rafiki yangu kwenye kreti za bia anafunga nyaya. Nikamuuliza analipwaje. Akacheka. Kiingilio kinagawanywa baada ya mwenye ukumbi, jenereta na gari la vyombo. Siku hiyo alipata 18,000. Mvua ikinyesha hapati kitu. Mkataba hakuna, bima hakuna. Akiumwa, anaitwa mpiga solo mwingine. Sikuhitaji kulisema lile neno, alilisema yeye.

Haikuwa hivi siku zote, na hili ndilo lililonikaa kichwani ndani ya ndege. Marehemu baba alikuwa mtu wa Msondo, na Msondo ilizaliwa 1964 kwa jina la NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa, mwisho wa mwezi wanapanga foleni ya mshahara kama makarani. Mlimani Park ilianzia kwenye shirika la usafiri na teksi 1978, kisha ikawa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Sisemi walikuwa matajiri. Muhidin Gurumo, aliyekuwamo NUTA tangu mwanzo, alipostaafu 2013 alisema hadharani hajawahi kumiliki gari, mpaka Diamond akamzawadia moja. Mwaka uliofuata akafariki. Lakini ule mshahara, hata ukiwa mdogo, ulikuwa na tarehe.

Kwa hiyo nikisikia mjadala wetu ule wa kila siku, ng'ambo au nyumbani, naona tunapima vitu visivyopimika pamoja. Wa huku anapima uchovu wake na raha za Jumamosi za kule. Wa kule anapima bei ya unga na paundi 12 za huku bila kukata kodi ya chumba. Mpimeni deiwaka na deiwaka. Mimi namzidi rafiki yangu pesa, na nikidhulumiwa ipo karatasi ninayoweza kuishika mkononi nikamwonyesha mtu. Yeye amekosa ajira miaka mingi, na hajapata kuandikiwa barua ya kumpa siku 60 ahame Temeke. Sote wawili tumepitwa na mume wa yule bibi na wenzake baba waliokuwa na tarehe ya mshahara. Anayeniambia kwamba hilo litatibiwa na viza, au na kurudi nyumbani kuwekeza, hajanishawishi bado.

Nilikula likizo yangu iliyobaki vizuri. Nilimpeleka Mama Morogoro kwa shangazi kwa treni ya SGR, 13,000 kwa kichwa. Iliondoka kwa dakika iliyoandikwa, nikatamani niipige picha niwatumie Waingereza. Mama alisali njia nzima, akidai inakwenda kasi kuliko roho.

Nimerudi Coventry. Kampuni hii mpya inalipa dakika za barabarani, naomba mniombee iendelee. Promota yuleyule anatangaza onyesho jingine Birmingham mwezi wa kumi, paundi 30, mlango saa tatu. Niko zamu, na nisingekuwa zamu ningekwenda, ndivyo nilivyo.

Rafiki yangu amenitumia sauti ya mazoezi ya Jumatano, na mwishoni anasema nyuzi zimemkatikia na za Kariakoo hazidumu. Nimemnunulia seti mbili. Kuzituma kwa posta ni ghali kuliko nyuzi zenyewe. Kama kuna anayekwenda Dar kabla ya mwisho wa mwezi, mizigo ya mkononi, aniambie. Ni bahasha ndogo, haizidi ukubwa wa chapati.