Launji za Dodoma na muziki usiodai kusikilizwa

Mwisho wa mwezi, saa moja usiku, mitaa ya Area C na Kisasa hapa Dodoma hupiga miziki mitatu kwa wakati mmoja. Baa moja iko kwenye amapiano, jirani yake rumba ya Kongo, na kwenye ukumbi wenye makochi na taa hafifu inatoka biti ya polepole isiyo na mwimbaji, ambayo ukimuuliza mteja jina lake atakutazama tu. Ubishi uko kwenye huo wa tatu. Wapo wanaouita sabuni ya hoteli iliyogeuzwa sauti: unanukia, haushibishi. Wapo wanaosema ndio muziki pekee unaomruhusu mtu amsikie aliyekaa naye. Wote wana hoja, ila wanapima kitu kisicho chenyewe. Wanapima wimbo mmoja mmoja, na wimbo mmoja mmoja ni kweli mara nyingi hausimami. Kinachouzwa kwenye mikusanyiko ya muziki wa launji, yaani albamu za nyimbo za wasanii mbalimbali zilizochaguliwa na kupangwa na mtu mmoja, ni mpangilio.

Wazo la muziki unaoruhusu kupuuzwa lilikuwepo kabla ya kompyuta. Mfaransa Erik Satie alianza mwaka 1917 kutunga alichokiita muziki wa samani. Ulipopigwa Paris mwaka 1920 wakati wa mapumziko ya tamthilia, watu walinyamaza wakarudi kuketi wausikilize, naye akawa anawahimiza waendelee na mazungumzo yao. Mwaka 1978 Mwingereza Brian Eno akatoa albamu kwa ajili ya viwanja vya ndege, akitaka msafiri aweze kuutegea sikio au kuuacha upite. Lakini mkusanyiko kama tunavyoujua leo umetoka kwenye mkahawa wa ufukweni. Café del Mar ulifunguliwa mwaka 1980 San Antonio, kisiwani Ibiza, Hispania, ukitazama upande jua linakozama. DJ José Padilla akawa anapanga nyimbo kufuata mwanga unavyopungua, na kanda zake zikawa zinauzwa mkono kwa mkono hadi mkusanyiko wa kwanza rasmi ulipotoka mwaka 1994. Paris ikafuata: mgahawa wa Buddha-Bar, uliofunguliwa mwaka 1996, ulitoa wa kwake wa kwanza mwaka 1999 chini ya Claude Challe, na mwaka huohuo hoteli ya Costes ikatoa wa Stéphane Pompougnac. Hapo ndipo CD ilipogeuka kuwa tangazo la mgahawa, na hapo ndipo wakosoaji wanapopatia silaha yao kuu.

Kuna jambo moja ambalo CD ililazimisha na intaneti imelipoteza. CD inabeba dakika 74 hadi 80. Wimbo wa aina hii una dakika tano hadi sita, kwa hiyo mpangaji alibaki na nafasi za nyimbo 13 au 15 na ilimbidi akate zilizobaki, hata alizozipenda. Orodha ya nyimbo 400 yenye neno «chill» juu yake haijakatwa na mtu. Ndiyo maana launji inayoiachia orodha ya namna hiyo ijiendeshe yenyewe husikika kama inazunguka palepale: nyimbo zote zina mwendo mmoja na kinanda kilekile chenye mwangwi, na hakuna kinachokwenda popote. Anayesema muziki huu hauna kitu mara nyingi amesikia orodha ya aina hii, hajasikia mkusanyiko.

Mpangilio unafanyaje kazi? Kwanza kuna mwendo. Dauntempo, yaani muziki huu wa biti ya polepole, hukaa kati ya mapigo 70 na 110 kwa dakika. Kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine usiruke zaidi ya mapigo manne hadi sita. Ukiruka kutoka 78 hadi 96 kila aliye mezani huinua kichwa, hata asiyejua kwa nini. Ikilazimu kuruka, weka katikati wimbo usio na ngoma kabisa, wa dakika mbili au tatu, sikio lisahau mwendo wa mwanzo. Pili kuna kuunganisha. Ukiacha programu ifanye yenyewe, sekunde 8 hadi 12 za sauti moja kushuka na nyingine kupanda zinatosha. Ukiunganisha kwa kulinganisha biti, hesabu baa za muziki, yaani mafungu ya mapigo: kwenye mapigo 90, baa moja ya mapigo manne huchukua sekunde 2.67, kwa hiyo baa 16 ni kama sekunde 43. Kosa la kawaida ni kuacha besi mbili zikae pamoja kwa muda wote huo. Punguza besi ya wimbo unaotoka kabla ya kuingiza ya unaoingia, la sivyo utapata mngurumo unaotikisa glasi.

Tatu ni ukubwa wa sauti. Rekodi za miaka ya 1990 zilitengenezwa kwa sauti ndogo kuliko za miaka ya 2000 kwenda mbele. Ukizichanganya bila kuzisawazisha, mhudumu atakuwa anakimbilia kaunta kila baada ya wimbo. Programu nyingi za bure zinaweza kusawazisha zote kwenye LUFS −14, kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika. Shusha zile kubwa. Ukipandisha ndogo zinapasuka. Nyimbo zilizovutwa kutoka kwenye video kwa kilobiti 128 kwa sekunde zisitumike kabisa. Kwenye simu hazina tatizo, lakini kwenye spika nzuri matoazi yake husikika kama mchanga unaomwagwa kwenye bati.

Halafu kuna maneno, na hapa Dodoma inapishana na Paris. Herufi zinazotufanya tutofautishe neno na neno ziko karibu kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,000 na 4,000, na mwimbaji anayeeleweka hugombania nafasi hiyohiyo na mazungumzo ya mezani. Ndiyo maana wapangaji wa Ulaya walipenda sauti za Kiarabu au Kihindi: kwa mteja wao zilikuwa rangi, hazikuwa maneno. Ukiihamisha kanuni hiyo hapa, Kifaransa kinapita, Kiingereza kinapita nusu, Kiswahili hakipiti. Na mpangaji anayedhani wimbo wa Kigogo utampa «ladha ya kienyeji» atagundua kwamba wahudumu wengi na baadhi ya wateja wanayajua maneno. Kwao hiyo si rangi, ni mtu anaongea. Atakayeuweka auweke kama wimbo, mahali ambapo watu wanaweza kunyamaza.

Swali la kugeuza sauti za wengine kuwa rangi ndilo zito kuliko yote upande wa wakosoaji. Mikusanyiko mingi ya miaka ya 1990 na 2000 ilichukua zeze, marimba au sauti ya mwanamke kutoka mahali fulani, ikaikata vipande, ikaiweka juu ya biti, na jina la mpigaji likapotea. Hoja hiyo sioni namna ya kuipinga. Lakini si lazima iwe hivyo. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Bagamoyo, alitoa albamu na Michael Brook wa Kanada mwaka 2002, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, yenye mitambo ya kielektroniki na jina lake juu kabisa. Kinachoharibu kazi nyingi za aina hii kiko kwenye tyuni kabla hata ya kufika kwenye maadili. Ilimba ya Kigogo, ala ya fito za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, hufuata mfululizo wa sauti za asili, ule unaotoka uzi mmoja unapotetemeka, hasa sauti ya 6 hadi ya 10. Ukichukua ya 8 kama msingi, ya 7 iko senti 31 chini ya nota ya kinanda, karibu theluthi ya nusu-toni (nusu-toni moja ni senti 100), na ya 10 iko senti 14 chini. Mtayarishaji anayeweka kinanda cha kawaida chini yake atasikia ilimba «imetoka nje», ataivuta kwa programu hadi ifanane na kinanda, na atakuwa ameua kilichomvutia. Njia sahihi ni kinyume: pima kila ufito wa ilimba kwa tyuna, maana kila fundi ana mkono wake, kisha shusha nota za kinanda zifuate. Ni kazi ya nusu saa.

Turudi kwenye pesa, kwa sababu mwenye launji anataka kujua hilo. Utafiti unaotajwa sana ni wa Ronald Milliman, uliochapishwa mwaka 1986, kuhusu mgahawa mmoja Marekani. Siku za muziki wa taratibu wateja walikaa wastani wa dakika 56, siku za muziki wa haraka dakika 45. Chakula kilichonunuliwa hakikutofautiana sana, vinywaji ndivyo vilivyoongezeka. Wauza mitambo wanaupenda utafiti huu. Wasichosema ni kwamba «taratibu» ya Milliman ilikuwa mapigo 72 au chini yake na «haraka» ilianzia 92. Sehemu kubwa ya dauntempo iko katikati au inazidi hapo, kwa hiyo namba hizo haziwezi kubebwa zilivyo. Tena mteja kukaa muda mrefu si faida saa zote. Saa saba mchana, watumishi wanapotoka ofisini kula na kurudi, meza inayoshikwa dakika 11 zaidi ni meza iliyokosa mteja wa pili. Mchana piga kitu chenye mapigo 100 na zaidi, au zima kabisa.

Sababu nyingine ya watu kusema muziki huu ni mwepesi iko ukutani, kwenye spika. Uzito wa dauntempo umelala kwenye besi, hezi 40 hadi 80. Spika ndogo ya inchi nne huanza kuchoka karibu na hezi 100, kwa hiyo kinachobaki ni kinanda na matoazi, yaani ganda bila kiini. Sabufa moja iliyowekewa mpaka wa juu wa hezi 80 au 100 inarudisha kiini hicho. Isiwekwe kwenye kona, kwa sababu kona huikuza besi hadi ikazidi, wala isigusane na nguzo inayobeba bati, maana paa lote litaimba. Na besi haizuiwi kirahisi na ukuta wa tofali. Jirani ndiye atakayeisikia kwanza, na kuna kanuni za mazingira za kelele na mitetemo, za mwaka 2015, za kumsaidia.

Kwenye bustani hesabu inabadilika. Nje, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hushuka desibeli sita. Mazungumzo ya kawaida kwa mita moja ni karibu desibeli 60, na muziki mezani unafaa kuwa 55 hadi 60. Ukitaka 60 kwenye meza iliyo mita nane kwa spika moja kubwa, aliyekaa mita moja kutoka kwenye spika anapata 78 na hana la kufanya ila kupiga kelele. Kelele zake zinawalazimu wa meza ya pili wapaze sauti, mhudumu anaongeza muziki, na ndani ya nusu saa launji imekuwa stendi. Spika ndogo sita au nane, kila moja mita nne kutoka kwa mwenzake, huondoa tatizo hilo. Ila angalia waya: spika nane za omu 8 zikiunganishwa sambamba ni omu 1, na ampu ya kawaida inaweza kuungua. Tumia mfumo wa volti 100 wenye transfoma kwenye kila spika. Geuza sauti iwe mono pia, yaani ileile kwenye kila spika, vinginevyo aliye upande wa kushoto atasikia gitaa tu na wa kulia ngoma tu. Jaribu kwanza nyimbo zako, maana zile zilizopanuliwa kwa hila za studio hupoteza vinanda zikiwa mono. Upepo wa kiangazi, Juni hadi Septemba, hupeperusha sauti za juu. Dawa yake ni kusogeza spika karibu na meza, sauti ibaki palepale.

Mengine ni ya kawaida. Simu inayopiga muziki iwe kwenye hali ya ndege, nyimbo zikiwa zimepakuliwa, kwa sababu hakuna kinachoharibu machweo kama sauti ya WhatsApp ya mwenye baa ikitoka kwenye spika nane. Akaunti binafsi ya kusikilizia muziki hairuhusu biashara, na kupiga muziki mbele ya wateja kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999.

Kwa jioni yenye urefu wa saa tano na nusu utahitaji nyimbo kama 60, na kama hutaki wahudumu wakuchukie, akiba ya 150 za kuzungusha kwa wiki. Kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi jua lizame kaa kwenye 70 hadi 85, nyimbo zenye nafasi ndani yake. Saa moja hadi saa tatu panda polepole hadi 98. Baada ya hapo sogea 105, 110, na kwa kuwa amapiano nyingi ziko karibu na 112, wanaoitaka utawakabidhi bila mshtuko wowote. Dakika 15 kabla ya kufunga shusha tena, na hapo ndipo pa kuweka ule wimbo wa Kigogo. Glasi zimeshakusanywa, meza tatu zimebaki, na mwenye kuyajua maneno ana nafasi ya kuyasikia.